Nyuzi za majani ya mwanzi na kostiki: zikigoma, zikikatika, zikibadilika rangi, anzia hapa

Maswali ya nyuzi za majani ya mwanzi yanajirudia sana kwa watu wa huku kwetu Mtwara na Lindi. Kuna wanaotengeneza karatasi za kadi, kuna mafundi wa dari wanaochanganya kwenye jasi, kuna vijana wanaomwaga trei na bakuli za resini (ile plastiki ya maji inayoganda) za kuwauzia wageni Mikindani na Kilwa, na wote wanapita njia moja ya kuloweka majani kwenye kostiki soda alafu wanarudi na malalamiko yale yale. Nimeyapanga kwa dalili, yani kile unachokiona kwenye ndoo au kwenye kamba ya kuanikia. Kila dalili nimeanza na sababu inayowakuta wengi na kumalizia na ile ya nadra, kwa hiyo usiruke ukaenda mwisho kwa sababu inaonekana ya kitaalamu zaidi.

Kwanza elewa kinachotokea humo ndani ya ndoo. Uzi unaouona kwa macho kwenye jani la mwanzi sio uzi mmoja, ni fungu la nyuzi fupi sana za milimita chache tu, zimeshikiliwa pamoja na lignini na hemiselulosi, ni kama fito za ukuta zilizokandikwa udongo. Kostiki inakula huo udongo, inakula na nta iliyoko juu ya jani na sehemu ya silika pia, yani madini kama ya mchanga, na majani ya mwanzi yana silika nyingi ndo maana yanakwaruza mikono. Ikila kidogo, uso wa uzi unakuwa msafi na wenye vijishimo ambavyo resini au jasi inapata pa kushika, na uzi unakuwa imara kuliko ulivyokuwa. Ikila yote, ukuta umedondoka na wewe umebaki na uji. Karibu kila tatizo hapa chini ni kostiki kidogo mno, kostiki nyingi mno, au kuosha kwa haraka. Mwanzi wenyewe ni mara chache sana kuwa na kosa, ingawa ndo unaolaumiwa kila siku.

Na mwenye nia ya kusokota kamba asijichoshe, mkonge upo Lindi. Nyuzi za jani la mwanzi ni za karatasi na za kutia ndani ya kitu kingine, kamba hazitakupa.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

Mizani ya jikoni inayosoma gramu, ndoo ngumu ya plastiki, glavu ndefu za mpira, miwani inayofunika mpaka pembeni, siki ya dukani, manjano ya unga, na maji mengi. Kama mizani huna bora usubiri uipate, maana kijiko kinadanganya, kostiki ya vipande bapa na kostiki ya punje hazijai kijiko sawa na hapo ndo mtu anaapa alitumia kipimo kile kile cha juzi.

Hesabu yenyewe ni rahisi. Gramu 10 kwa lita 1 ni asilimia 1, gramu 30 ni asilimia 3, gramu 50 ni asilimia 5. Maji yawe mara 20 ya uzito wa majani makavu, kwa maana majani gramu 100 yanataka lita 2. Kwa majani, ambayo ni membamba kuliko shina, mimi naona uanzie asilimia 3 kwa masaa matatu bila moto, utoe machache ujaribu, ndo uamue kuongeza. Asilimia 5 inatajwa sana lakini wengi wanaoitaja wanazungumzia nyuzi za shina.

Kostiki inaingizwa kwenye maji, kidogo kidogo huku unakoroga. Usiweke kostiki kwanza ukaimwagia maji, inachemka papo hapo na kukurukia usoni. Hata ukifuata utaratibu, asilimia 5 peke yake inapandisha joto la maji kama nyuzi joto 12, kwa hiyo ndoo ikiwa ya uvuguvugu usishtuke.

La muhimu kuliko yote hapa ni hili: USITUMIE SUFURIA YA ALUMINI. Sufuria zetu nyingi za nyumbani ni alumini na kostiki inaila. Utaona mapovu madogo madogo yanapanda kutoka ukutani mwa sufuria, maji yanageuka kijivu, joto linapanda lenyewe, na hayo mapovu ni gesi ya haidrojeni inayowaka moto. Ukiona hivyo hakuna cha kuokoa humo. Zima jiko kama lipo karibu, fungua milango, toka nje na watoto wote, subiri itulie. Plastiki ngumu inafaa kwa kuloweka bila moto, na wa kuchemsha atafute sufuria ya stenlesi.

Nyuzi bado ngumu, hazichambuki, jani bado ni jani

Sababu ya kwanza na inayowakuta wengi ni kostiki iliyokufa. Ukanda wetu wa pwani una unyevu mwingi, mfuko ukifunguliwa ukafungwa kwa kufundo tu, kostiki inanyonya maji ya hewani, inagandamana, alafu inanyonya na kabonidayoksaidi inageuka polepole kuwa aina ya magadi. Ukipima gramu 30 zake unapima maji na magadi humo humo. Angalia kwa macho kwanza, kostiki nzima inakuwa kavu na punje zinaachana, iliyochoka inang'aa kwa majimaji au ina unga mweupe juu na mabonge. Alafu chukua kidogo cha maji uliyokwisha changanya, weka siki. Kostiki safi haitoi gesi, inapata joto tu. Ikitoa mapovu ya kuchemka kama soda ya chupa, hiyo imeshageuka magadi kwa kiasi fulani.

Unataka uhakika zaidi, tumia manjano. Koroga manjano kwenye spiriti, chovya vipande vya karatasi nyeupe, kausha. Kwenye kitu chenye kostiki karatasi inageuka nyekundu ya kahawia, kwenye maji ya kawaida inabaki njano. Sasa chukua mililita 10 za maji yako ya kostiki kwa bomba la sindano lisilo na sindano, weka kwenye glasi, ongeza siki mililita moja moja huku unagusisha karatasi. Siki ya dukani yenye asilimia 5 itahitaji kama mililita 15 kumaliza kostiki ya asilimia 5, na kama mililita 9 kumaliza ya asilimia 3. Ukiona mililita 5 tu zimetosha na wewe ulidai ni asilimia 5, jibu unalo.

Sababu ya pili ni majani yanayoelea. Jani lenye nta linakataa maji, juu linabaki kavu na chini limeiva. Weka sahani ya plastiki juu na chupa iliyojaa maji, yazame yote. Au yaloweke kwanza kwenye maji matupu usiku kucha na uyakune kwa kisu butu kuondoa nyama ya kijani, hii hatua watu wanairuka na ndo inayopunguza kazi ya kostiki kuliko kitu kingine.

Ya tatu, maji magumu. Visima vya pwani vingi vimechimbwa kwenye miamba ya matumbawe, na vilivyo karibu na bahari vina chumvi kabisa. Ukitia kostiki kwenye maji hayo yanakuwa meupe kama tui, hiyo ni magnesi na kalsi zinaganda, na sehemu ya kostiki yako imeishia hapo. Jaribu sabuni ya kipande kwenye maji, isipotoa povu kirahisi ni magumu. Wenzetu wa Newala na Tandahimba wenye matangi ya mvua wana bahati kwenye hili, maji ya mvua ndo bora kwa kazi hii.

Ya mwisho na ya nadra ni majani yaliyokomaa sana au yaliyookotwa chini yakiwa yamekauka miezi. Haya yanaiva kwa kuchelewa, yatenge na mabichi, usiyachanganye kwenye ndoo moja maana mabichi yatakuwa uji wakati haya bado.

Imegoma baada ya yote hayo? Ongeza muda kwanza, masaa mawili zaidi, ndo uongeze kipimo hadi asilimia 4 au 5. Usipandishe moto na kipimo kwa pamoja, hutajua kipi kimefanya kazi na kipi kimeharibu.

Nyuzi zinakatika, zinavunjika, au zimekuwa uji

Hii ndo inayouma zaidi kwa sababu hairudi nyuma. Uzi uliokatika haurekebishiki, unachoweza ni kuhamisha mzigo kwenda kwenye karatasi, huko uji ndo unaotakiwa.

Wengi wao wameacha ndoo mpaka kesho yake. Mtu analoweka saa kumi jioni, umeme unakatika, analala, asubuhi anakuta maji meusi kama kahawa na nyuzi zinaachana zikiguswa. Rangi ya maji ni kipimo kizuri cha bure, yanaanza njano ya chai ya rangi, yanaenda kahawia, na yakishakuwa meusi lignini imetoka kwa wingi. Toa uzi mmoja kila nusu saa, usuuze vizuri, uvute ukiwa umebaki na glavu. Ukinyumbuka kidogo ndo ukatike, bado uko salama. Ukiachia tu bila kuvutwa, toa mzigo wote sasa hivi.

Kinachofuata ni kuanika bila kuosha vizuri, na hii watu hawaiamini. Nyuzi zilitoka ndooni zikiwa imara, zikaanikwa, baada ya wiki zinavunjika kama majani makavu. Kilichotokea ni kwamba maji yameondoka, kostiki haikuondoka, kadri zinavyokauka kostiki iliyobaki inazidi kuwa kali ndani ya uzi, na kwa jua na hewa selulosi yenyewe, yani zile fito za ukuta wetu, inaanza kuliwa. Gusisha karatasi ya manjano kwenye uzi uliolowanishwa kidogo, ikigeuka nyekundu umeshajua.

Baada ya hapo ni moto. Kostiki ya moto inafanya kazi kwa kasi kubwa, na ikikutana na hewa nyingi, mfano sufuria iko wazi na unakoroga koroga, inakula na selulosi. Anayechemsha afunike, apunguze kipimo hadi asilimia 1 au 2, asikae mbali. Kwa karatasi tu mimi nashauri uachane na kostiki kabisa, tumia magadi ya viwandani, kama gramu 200 kwa kilo 1 ya majani makavu, chemsha masaa mawili hadi matatu. Ni ya taratibu, inasamehe, na haikuunguzi vile. Magadi ya kupikia ya sokoni yanaweza kufanya kazi ila yana uchafu na udongo, nyuzi zinatoka na madoa.

Kipimo kikubwa kupita asilimia 10 ni kisa cha peke yake, nimekiweka kwenye kujikunja huko chini.

Utelezi kama sabuni hata baada ya kuosha

Utelezi maana yake kostiki bado ipo, na kama unausikia kwa vidole vitupu basi ngozi yako nayo inageuzwa sabuni, vaa glavu. Sababu hapa kwa kweli ni moja, kuosha hakujatosha, na watu wanashangaa kwa sababu wamebadilisha maji mara mbili na yanaonekana meupe.

Twende kwa hesabu. Ukikamua vizuri, tuseme kwenye nyuzi inabaki sehemu moja ya kumi ya maji. Ukijaza maji mapya, kostiki imepungua mara kumi. Ulianza na asilimia 5, baada ya maji ya kwanza asilimia 0.5, ya pili 0.05, ya tatu 0.005. Inaonekana si kitu, lakini kwenye pH, yani kipimo cha ukali wa kostiki au asidi, kila mara kumi ni hatua moja tu, ulianzia kwenye 14 na baada ya maji matatu bado uko kama 11. Manjano bado yatakuwa mekundu. Alafu hiyo ni kama kostiki yote iko nje ya uzi, wakati nyingine imejificha ndani na inatoka taratibu, kwa hiyo kila maji yaache yakae nusu saa, kuchovya na kutoa hakusaidii.

Hapo ndo siki inapoingia, na watu wanaiweka mapema. Ndoo ya kwanza ya lita 2 yenye asilimia 5 inahitaji lita 3 za siki kuimaliza, nani ana hela hiyo. Ukiosha kwa maji mara tatu kwanza, kijiko kimoja cha chakula cha siki kwenye lita 2 kinatosha na kubaki. Kuna sababu nyingine ya kusubiri na hii ni ya majani ya mwanzi hasa. Ile silika iliyoyeyuka kwenye kostiki, ukiitia asidi ingali nyingi inaganda kuwa ute au jeli, inanasa juu ya nyuzi na ikikauka inakuwa ganda gumu lenye vumbi la kukwaruza. Kwa hiyo ukiona maji yamekuwa na ukungu au mate mate mara tu ulipotia siki, uliiharakisha. Yamwage, osha kwa maji matupu mara mbili huku ukisugua kwa mkono wenye glavu, rudia siki kidogo. Maji ya mwisho yawe matupu, siki nayo isibaki.

Unga mweupe nyuzi zikikauka

Inaweza kuwa magadi yaliyotokana na kostiki isiyooshwa, au chokaa ya maji magumu. Siki haitakusaidia kuvitofautisha maana vyote viwili vinatoa mapovu. Tumbukiza nyuzi chache kwenye glasi ya maji ya mvua dakika kumi, unga ukiyeyuka ni magadi, rudi ukaoshe. Ukibaki ni chokaa, loweka kwenye siki kidogo mpaka mapovu yaishe alafu suuza na maji ya mvua. Unga ambao hauyeyuki na hautoi mapovu kabisa ni silika, usiupulize wala kuukung'uta karibu na pua, ufute kwa kitambaa kibichi.

Rangi: njano, kahawia, nyeusi, madoa

Njano iliyokolea ni kawaida. Kostiki inabadilisha lignini iliyobaki na hiyo inaonyesha rangi, nyuzi za mwanzi zilizopita kwenye kostiki hazitoki nyeupe kama pamba na asiyelijua hili atazidi kuongeza dawa akitafuta weupe mpaka apate uji. Nyingine inapungua yenyewe ukiosha na siki.

Kahawia ya kutisha ni muda mrefu au moto. Kijivu na weusi wa mawingu mawingu mara nyingi ni chuma: ndoo ya bati iliyochubuka, waya wa kuanikia wenye kutu, au maji ya kisima yenye kutu. Chuma kikikutana na tanini za majani kinatoa weusi. Badilisha chombo, anika kwenye kamba ya plastiki. Vidoa vidogo vyeusi au vya kijani vilivyotokea siku kadhaa baada ya kuanika ni ukungu, havihusiani na dawa, mzigo ulifungwa ukiwa na unyevu.

Sasa mtu anataka nyeupe, anakimbilia dawa ya madoa ya klorini ya kufulia. Nasema hili kwa nguvu: DAWA YA KLORINI ISIKUTANE NA SIKI. Ukiichanganya na siki, au ukaimwaga kwenye ndoo iliyokuwa na siki bila kuisuuza, inatoa gesi ya klorini ambayo inachoma mapafu. Chumba kidogo kinatosha kumlaza mtu hospitali. Ukisikia harufu kali inayokata kifua, acha kila kitu, toka nje kwenye upepo, na kama kikohozi au kubanwa kifua hakuishi nenda kituo cha afya bila kusubiri kesho. Ninachopendelea ni hidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 ya duka la dawa, unaloweka nyuzi zilizooshwa tayari, kwenye plastiki, bila chuma popote maana chuma kinaimaliza nguvu. Inapunguza njano kwa kiasi, na nguvu ya uzi inapungua kidogo pia, kwa hiyo kama nyuzi zinaenda ndani ya jasi ambako hakuna atakayeziona sioni sababu ya kujisumbua.

Zimejikunja, zimesinyaa, zimekuwa ngumu kama brashi

Ikiwa zimekuwa ngumu tu lakini urefu ni ule ule, zimekauka haraka kwenye jua kali zikiwa zimeshikana. Lowesha, zichambue kwa mkono, anika kivulini zikiwa zimetawanywa, na kila baada ya muda uzivuruge.

Zikiwa zimepungua urefu na kunenepa, kipimo kilipita. Kuanzia kama asilimia 10 na kuendelea, bila moto, kostiki haiishii kwenye udongo wa ukuta tena, inaingia ndani ya selulosi na kubadilisha mpangilio wake. Jambo hili aliligundua John Mercer wa Uingereza kwenye pamba mwaka 1844 na akalichukulia hataza mwaka 1850, na viwanda vya nguo wanalifanya kwa makusudi kwa kostiki kali huku kitambaa kimevutwa kisisinyae. Wewe huna mashine ya kuvuta majani ya mwanzi. Mabadiliko haya hayarudi, na kwa kazi zetu hayana faida ya kulipia kostiki mara mbili tatu. Kama hukukusudia kufika huko basi mizani yako ina tatizo, au ulipima kwa kijiko.

Hazishiki kwenye resini, jasi au saruji

Fundi anapasua trei anakuta nyuzi zinachomoka zikiwa safi kabisa, kwenye kipande kuna vitundu zilipokuwa. Hapa kwetu unyevu ndo sababu ya kwanza kwa mbali. Nyuzi za mimea zinanyonya maji ya hewani hata kama zilikaushwa jana, na resini ya poliesta haitaki maji hata kidogo. Msimu wa mvua, kuanzia Desemba mpaka Aprili hivi, usitegemee jua peke yake. Pima uzito wa kifurushi, kikaushe kwenye oveni ndogo kwa nyuzi joto 60 masaa matatu, pima tena, rudia mpaka uzito uache kushuka, alafu zimwagiwe resini zingali na uvuguvugu wa oveni. Wakati wa kusi ni rahisi zaidi ila bado ziweke kwenye ndoo yenye mfuniko unaobana, gunia la korosho haliwezi kuzuia hewa.

Sababu ya pili ni nta haikutoka, kostiki ilikuwa hafifu. Dondoshea tone la maji kwenye fungu la nyuzi kavu, likikaa juu kama shanga nta ipo, likizama mara moja imetoka. Ya tatu ni mabaki ya kostiki, yanayovuruga ugandaji wa resini, na kwenye jasi yanaleta maua meupe ya chumvi juu ya dari baada ya wiki chache. Karatasi ya manjano itakuambia.

Kwenye saruji kisa ni tofauti. Majani ambayo hayakupita kwenye kostiki yana sukari na vitu vya kuyeyuka vinavyochelewesha saruji kuganda, mtu anakuta tofali bado laini siku ya pili. Kostiki inaviondoa, ila saruji yenyewe ni kali kama kostiki na inaendelea kuzila nyuzi humo ndani miaka yote. Kwa hiyo sishauri nyuzi hizi kwenye kitu chochote cha saruji kinachobeba uzito. Vibao vya mapambo sawa. Boriti, lenta, slabu, hapana, na ukitaka kubishana na hilo bishana na injinia wa ujenzi, sio na fundi wa mtaani.

Hapa acha, tafuta mtu

Kostiki ikirukia jicho, maji yanayotiririka hapo hapo, ukiwa umefunua kope kwa vidole, dakika 20 kamili kwa saa, ndo uende hospitali na uende hata kama maumivu yamepoa, maana kostiki inaendelea kuingia ndani ya jicho kimya kimya. Usitie siki jichoni wala kwenye ngozi, maji tu. Aliyemeza asitapishwe, asuuze kinywa, apelekwe haraka. Mtwara mjini ni Ligula, Lindi ni Sokoine, walioko njia ya Masasi Ndanda ipo, ila kituo chochote cha karibu kianze. Beba mfuko au lebo ya ulichotumia.

Na maji ya kostiki usiyahifadhi kwenye chupa ya maji ya kunywa, hata kwa saa moja, hata kama umeandika juu. Mtoto hasomi.

Ukitaka kuhama kutoka ndoo kwenda mapipa, hapo sio kazi ya kuulizia mitandaoni tena. Kemikali za viwandani na majumbani zina sheria yake ya mwaka 2003 na inasimamiwa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, waulize kabla hujanunua magunia. Mwalimu wa kemia wa sekondari iliyo karibu anaweza kukusaidia kupima nguvu ya kostiki kwa usahihi kuliko manjano yangu, na wengi wanafurahi kuulizwa.

Maji meusi yaliyobaki usimwage mtoni, kisimani wala kwenye mikorosho. Yatumie tena kwa mzigo wa pili ukiongeza kostiki kidogo, utajua ya kuongeza kwa kile kipimo cha siki. Yakichoka kabisa yachanganye na maji ya siki uliyooshea na mabaki ya ndimu, na kumbuka ute wa silika utaganda humo, uache utuame. Pima kwa manjano, na yasipobadilisha rangi tena chimba shimo mbali na kisima uyamwage humo, ule ute ukauke ufukiwe.